Namba Ikishuka, Tusimwadhibu Aliyehesabu



Leo nakuomba uzishike namba tatu: 96, 71 na 55. Mwaka 2016, Rais John Pombe Magufuli akiwa bado hajatimiza mwaka madarakani, watu 96 katika kila 100 waliohojiwa na taasisi ya Twaweza walisema wanakubali anavyofanya kazi. Mwaka 2017 wakawa 71. Mwaka 2018 wakabaki 55. Katika muda wa miaka miwili, watu 41 katika kila 100 walikuwa wametoka upande wa wanaokubali.

Namba hiyo ya tatu ilitangazwa mwanzoni mwa Julai 2018, kutokana na utafiti uitwao Sauti za Wananchi. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia Twaweza barua na kuipa siku 7 ieleze kwa nini isichukuliwe hatua kwa kutangaza utafiti usio na kibali. Wiki chache baadaye, mkurugenzi mtendaji wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Septemba ya mwaka huohuo Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu, likaweka adhabu za faini na kifungo kwa atakayesambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Benki ya Dunia ikasema wazi kwamba ina wasiwasi na sheria hiyo, na mwaka 2019 Bunge likailegeza.

Sasa, msikilizaji, ukiyapanga matukio hayo utaona kitu kinachonisumbua mpaka leo. Serikali ilipata taarifa kwamba wananchi wengi wanaanza kuvunjika moyo. Badala ya kuuliza "wamevunjwa moyo na nini?", swali lililosikika zaidi likawa "nani aliyekuruhusu kuwauliza?" Jioni hii nataka kusema jambo moja, na nitalisema bila kuzunguka: kiongozi anayeshuka kwenye kura za maoni ana haja na namba hizo kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na taifa linalomwogopesha mhesabuji linamnyima rais wake macho.

Tuanze na lile swali ambalo wengi mmeniuliza, na ni swali la haki kabisa. Mimi sijawahi kupigiwa simu wala kuulizwa na mtu. Jirani yangu hajaulizwa. Watu elfu moja na kitu waliohojiwa wanawezaje kusema kwa niaba ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 60?

Fikiria mpishi wa shughuli, mwenye sufuria kubwa la pilau. Hali sufuria zima ili ajue kama chumvi imekolea. Anakoroga, anachota kijiko kimoja, anaonja, anajua. Lakini sharti la kwanza ni hilo la kukoroga. Asipokoroga, akachota juujuu tu, hata akila sahani tatu atadanganyika.

Kukoroga huko, kwa watafiti, ni kuchagua watu kwa nasibu, kila mkazi awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, awe wa Kariakoo au wa kijiji cha mbali huko Katavi, awe na shahada au hajui kusoma. Sauti za Wananchi ilianza hivyo. Watafiti walichagua kaya takribani elfu mbili Tanzania Bara, wakazitembelea, wakazigawia simu za mkononi na chaja za umeme wa jua, kisha wakawa wanazipigia mara kwa mara kuwauliza wahusika kuhusu maji, shule, njaa, usalama na siasa. Simu na chaja zilitolewa kwa sababu muhimu: ukiwapigia wenye simu pekee, umeshawatenga maskini kabla hujauliza swali la kwanza.

Wamarekani walijifunza somo hilo kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya majaribio kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Wakati huohuo kijana mmoja, George Gallup, aliyekuwa amefungua taasisi yake mwaka mmoja tu nyuma, aliwauliza watu wachache mno kuliko hao, lakini akiwachagua kwa uangalifu, akasema Roosevelt atashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limeyatoa majina mengi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika nchi iliyokuwa kwenye dhiki kuu ya uchumi, ambako mwenye gari na asiye na kazi hawakuwa wakimtazama Roosevelt kwa jicho moja. Haukupita muda mrefu, jarida lenyewe likafa.

Kwa hiyo wingi wa watu hauokoi utafiti uliochaguliwa vibaya. Na ukichagua vizuri, watu wapatao 1,000 wanakupa jibu ambalo kwa kawaida halitaukosa ukweli kwa zaidi ya pointi 3 hivi, juu au chini. Ndiyo maana mtu akikwambia kiongozi fulani ametoka asilimia 56 akaenda 54, usishangilie wala usihuzunike, huenda hakuna kilichobadilika. Lakini kutoka 71 kwenda 55 ni pointi 16. Hilo haliwezi kuelezwa kwa bahati ya uchaguzi wa majina. Kuna watu halisi, katika nyumba halisi, waliobadili mawazo.

Je, kushuka huko ni ajabu? Hapana, msikilizaji. Karibu kila rais anayepimwa mara kwa mara hushuka. Taasisi ya Gallup imekuwa ikiwauliza Wamarekani swali lilelile kwa miongo mingi: unakubali au hukubali namna rais anavyofanya kazi yake? Harry Truman alianza na 87 mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Mwaka 1952, Marekani ikiwa imekwama katika vita vya Korea, alikuwa na 22. George Bush, yule baba, alifika 89 baada ya vita vya Ghuba mapema mwaka 1991. Mwaka uliofuata uchumi ulikuwa umelegea, na wapiga kura wakamrudisha nyumbani. Mwanawe alifika 90 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, akaondoka madarakani baada ya kushuka hadi 25 mwaka 2008, kukiwa na vita vya Irak na mabenki yanaanguka.

Mwaka 1970 mwanazuoni John Mueller alieleza sababu moja ambayo naona inatufaa hata sisi. Rais mpya hubebwa na matumaini ya makundi mengi, na matumaini hayo mara nyingi yanapingana. Akianza kuamua, kila uamuzi unamwacha mtu nje. Leo kaudhi hawa, kesho wale. Walioudhiwa hawarudi upesi, na hesabu inajikusanya.

Turudi nyumbani tulione hilo. Asilimia 96 ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia ya matumaini. Tulikuwa tumetoka kuona sherehe za Uhuru zikigeuzwa siku ya usafi, Desemba 2015. Ada za shule zilikuwa zimeondolewa mpaka kidato cha nne. Majipu, yaani watumishi wazembe na wala rushwa, yalikuwa yakitumbuliwa, na mwananchi aliyezoea kuzungushwa kwenye ofisi za umma alimkuta mtumishi yuko mezani kwake saa moja na nusu asubuhi. Nani asingekubali?

Kisha ukaja wakati wa kuishi ndani ya maamuzi. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016. Mwaka 2017 ulianza na bei ya mahindi ikiwa juu, na wanaonunua unga kwa kilo walilia. Mwezi Juni mwaka huo serikali ikazuia kuuza nje mahindi yasiyosagwa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini bei ikaja kuporomoka, na safari hii aliyelia alikuwa mkulima wa Rukwa na Ruvuma mwenye magunia yasiyo na mnunuzi. Watumishi karibu elfu kumi waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Wengi tulipongeza, lakini kila mmoja wao alikuwa na familia iliyokuwa ikimtegemea. Septemba 2017 mbunge wa upinzani Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana kweupe, Dodoma. Na mitaani, kuanzia machinga hadi wenye maduka ya jumla, usemi ulikuwa mmoja: vyuma vimekaza, yaani fedha zimeadimika.

Sisemi kwamba naweza kuligawa anguko lile, hizi pointi za mahindi, zile za siasa. Namba ya kukubalika haina kipande cha maelezo nyuma yake. Inakuambia kuna homa, haikuambii ugonjwa. Lakini homa nayo ni habari, na tabibu anayeficha kipimajoto hajamtibu mgonjwa.

Sasa nataka tuitazame tabia yetu sote, watawala na wapinzani, maana hapa hakuna aliye safi. Septemba 2015, wakati wa kampeni, Twaweza hiyohiyo ilitangaza kwamba Magufuli anaungwa mkono na asilimia 65 na mgombea wa upinzani, Edward Lowassa, asilimia 25. Upande wa CCM, chama tawala, ulifurahi. Upande wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, ulisema utafiti umepikwa. Oktoba Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza matokeo: Magufuli asilimia 58 na ushei, Lowassa karibu 40. Utafiti ulikuwa umempata mshindi, lakini ulimpunja mno aliyeshindwa. Huenda watu walibadilika katika wiki zile za mwisho, huenda wengine waliogopa kusema. Hayo ni mambo ya kujadili kwa hoja na takwimu. Miaka mitatu baadaye, ilipotoka 55, wapinzani wakaipokea kwa mikono miwili, na waliofurahia 65 wakaanza kuuliza habari za kibali. Taasisi ileile. Kilichobadilika ni nani anayependezwa na jibu. Taifa haliwezi kujenga elimu ya kujijua kwa mtindo huo, wa kusadiki utafiti unapotusifu na kuutilia shaka unapotukosoa.

Kuna jambo zito zaidi, na naomba unisikilize vizuri. Kura ya maoni inategemea mwananchi kumwambia mgeni kile anachokiamini moyoni. Shirika la Afrobarometer, linalofanya tafiti barani Afrika tangu mwaka 1999, lina desturi ya kumuuliza mhojiwa mwishoni: unadhani ni nani aliyetutuma? Katika nchi nyingi wengi hujibu kwamba ni serikali. Hebu jiweke mahali pa mtu huyo. Unaamini mbele yako yuko mtu wa serikali, ana kalamu, anajua unapoishi, anakuuliza kama rais anafanya kazi vizuri. Utajibu nini?

Kwa sababu hiyo, penye hofu, asilimia kubwa ya kukubalika haina thamani sawa na penye uhuru. Kila mwandishi anapokamatwa, kila mtafiti anapotishwa, namba za sifa zinazofuata zinapungua uzito, hata kama ni za kweli. Mtawala anayewanyamazisha watu hapotezi lawama peke yake. Anapoteza pia uwezo wa kujua kama anapendwa. Na namba ikishuka licha ya hofu, kama ilivyoshuka mwaka 2018, hiyo ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili, kwa sababu waliosema "sikubali" walijua wanasema nini na wakati gani.

Msikilizaji, umewahi kufikiria habari zinavyopanda kwenda kwa rais? Mwenyekiti wa kijiji anamwambia mtendaji wa kata. Mtendaji anamwandikia mkurugenzi na mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya anampelekea mkuu wa mkoa, na kutoka hapo taarifa inaelekea juu. Kila mmoja katika ngazi hiyo ana kibarua chake cha kulinda. Hakuna anayetaka aonekane kwamba eneo lake ndilo lenye manung'uniko. Basi kila ngazi inapunguza chumvi kidogo, na taarifa iliyoanza kijijini kama kilio inafika juu ikiwa salamu za pongezi. Ongeza machawa, wale ambao riziki yao ni kusifu. Ongeza ziara, ambako barabara imefagiliwa, wanafunzi wamepangwa mistarini, na mwenye malalamiko amesogezwa nyuma. Kiongozi anaweza kuzunguka nchi nzima namna hiyo asikutane na mwananchi hata mmoja mwenye njaa.

Utafiti huru haupiti katika ngazi hizo. Mama wa Igunga anaongea kwenye simu, jibu lake linahesabiwa sawa na la profesa wa Dar es Salaam, na hakuna mkuu wa wilaya katikati wa kulinyoosha. Uchaguzi hufanya kazi hiyo mara moja katika miaka mitano. Katikati hapo, bila vyombo huru vya habari na bila tafiti huru, kiongozi anaendesha gari usiku bila taa, na abiria ni sisi sote.

Je, basi rais aongoze kwa kufuata asilimia? La hasha. Kuna maamuzi ya lazima yanayouma, na kiongozi anayebadili msimamo kila mwezi kwa kuangalia jedwali hatajenga chochote. Yule Truman wa asilimia 22 leo huwekwa na wanahistoria wengi wa Marekani miongoni mwa marais wao bora. Utafiti hauna mamlaka ya kumwondoa mtu madarakani wala kumbakiza. Lakini kuna tofauti kati ya kutotii namba na kukataa kuisikia. Namba iliyoshuka inamtaka kiongozi afanye moja kati ya mambo mawili: abadili anachofanya, au asimame awaeleze wananchi kwa nini habadili. Yote mawili ni heshima kwa watu. Kumshika mhesabuji si mojawapo.

Na sisi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Tusiwe watu wa kumeza kila asilimia inayopita kwenye simu. Wenzetu wa Kenya, ambako tafiti za kisiasa ni nyingi na zinagombaniwa sana, walitunga sheria mwaka 2012 inayomtaka anayetangaza kura ya maoni ya uchaguzi aeleze ilivyofanywa na nani aliyeigharimia. Hata pasipo sheria, kila mmoja wetu anaweza kuuliza. Nani amelipa? Wamehojiwa wangapi, na walichaguliwaje? Wamehojiwa lini, kabla au baada ya tukio kubwa? Swali lenyewe lilisomekaje, maana kumuuliza mtu "je, unakubali kazi nzuri ya rais?" ni kumwekea jibu mdomoni. Je, wanavijijini wamo, wanawake wamo, wasio na simu wamo? Asiyekuwa tayari kujibu maswali hayo, namba yake iache ipite. Na zile kura zinazopigwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao, ambako anayetaka anabonyeza na mwenye mashabiki wengi anawaita wabonyeze, hizo si utafiti. Ni lile kosa la Literary Digest, limebadili tu chombo.

Nawaomba pia wahariri wenzangu. Tusiishie kusoma namba moja kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kumwita mwanasiasa aikanushe. Tuirudishe kule ilikotoka. Kama wakazi wa kanda fulani wameacha kukubali, twende kanda hiyo na vinasa sauti, tuulize bei ya unga, tuulize zahanati ina dawa au haina, tuulize mbolea imefika lini. Asilimia inatuonyesha pa kwenda. Kazi ya kwenda ni yetu.

Rais Magufuli alifariki Machi 2021 akiwa madarakani, na historia inaendelea kumpima kwa mengi aliyoyajenga na mengi yanayolalamikiwa. Mikutano ya hadhara iliruhusiwa tena Januari 2023. Viongozi wamebadilika, na watabadilika tena. Ninachotaka kisibadilike ni haki ya mkulima, mvuvi, mwalimu na mama lishe kuulizwa wanaonaje, kujibu bila kuangalia nyuma ya bega, na jibu lao kutangazwa kama lilivyo. Haki hiyo adaiwe kila atakayeketi Ikulu, awe wa chama unachokipenda au usichokipenda, asilimia yake iwe 96 au iwe 30.

Na wewe, msikilizaji, siku simu itakapoita na sauti ya upande wa pili ikakueleza inatoka taasisi gani, inafanya utafiti gani, na ikakuomba ridhaa yako, usikate. Uliza maswali yako, ukiridhika, jibu kwa ukweli wako, si kwa ukweli unaodhani wanautaka. Dakika hizo chache ni sehemu ya uraia wako, kama kura yako ilivyo.